Dawa imfuate mzee, si mzee aifuate dawa

Swali

Shikamoo Sista. Baba yangu ana miaka 79, yuko kijijini kwetu Lushoto. Ana saratani ya tezi dume, na picha zilionyesha imeshafika kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Mwaka juzi aliondolewa korodani akapata nafuu, lakini tangu Machi hali imebadilika. Mwezi uliopita hospitali ya rufaa walituambia, "Mrudisheni nyumbani mkamtunze." Usiku halali, anakunywa Panadol. Mama ana miaka 72 na ndiye anayemgeuza. Kaka mkubwa anataka tuuze shamba tumpeleke India, mdogo wetu anataka tumpeleke kwa mganga mmoja wa Handeni. Baba hajui kama ni saratani, tumekubaliana tusimwambie asije akakata tamaa. Mimi niko Tabata, watoto wanasoma. Tumrudishe hospitali au tufanyeje?
Binti wa Lushoto

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza ukiwa mbali. Barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kama muuguzi, mara ya pili kama mtu ambaye naye alimuuguza baba yake kijijini. Zote mbili nilikwama mahali pamoja. Mzee ana saratani ndani ya mifupa na anakunywa Panadol. India, mganga, siri na shamba vinaweza kungoja wiki mbili. Hilo la Panadol haliwezi kungoja, kwa hiyo nitaanza nalo na nitakaa nalo muda mrefu.

Kwanza nikufafanulie yale maneno ya hospitali. "Mrudisheni nyumbani mkamtunze" nimeyasikia yakisemwa kwenye korido nyingi, na kila mara ndugu husikia jambo moja: hakuna la kufanya tena. Daktari alimaanisha kwamba dawa ya kuuondoa ugonjwa imefika ukingoni. Lakini kuondoa maumivu, kichefuchefu, haja kubwa iliyofunga, vidonda vya kulala na hofu ya usiku ni kazi nyingine, ina wataalamu wake, na jina lake ni tiba shufaa. Neno shufaa Waislamu mnalijua kutoka msikitini: kumwombea mtu, kusimama upande wake. Aliyelichagua kwa tiba hii alijua anachofanya. Kosa la wale waliowaruhusu ni kwamba waliwapa maneno bila kuwapa chupa, bila barua ya kwenda hospitali ya karibu na bila namba ya simu ya kupiga usiku.

Chupa ninayosema ni ya mofini ya maji. Katika ukanda wetu si jambo geni. Nairobi Hospice, kituo cha tiba shufaa, ilifunguliwa 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na pale Kampala wakawa wanachanganya unga wa mofini na maji, wanaujaza kwenye chupa za plastiki na kumpelekea mgonjwa nyumbani kwake, hata kama nyumbani ni mgombani mwisho wa barabara. Tangu 2004 sheria ya Uganda inaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kazi hii kuandika mofini, kwa sababu walioona mbali waligundua kwamba kijijini daktari hayupo lakini muuguzi yupo. Kwetu Tanzania, Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ina kitengo cha tiba shufaa, hospitali ya Selian kule Arusha walianza kuwafuata wagonjwa majumbani mwishoni mwa miaka ya 1990, na upande wa Tanga kuna historia ya huduma hii Muheza, pale Hospitali Teule. Kwa hiyo unachokitafuta kipo. Kinachotakiwa ni kukisogeza hadi kitandani kwa baba.

Na hapa wewe uliyeko Dar una kazi ambayo mama hawezi kuifanya. Mpigie simu mtu mmoja nyumbani apige picha kila karatasi ya baba: fomu ya kuruhusiwa, majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa, kipimo cha PSA (kile cha damu cha tezi dume), kipimo cha figo, maelezo ya picha za mifupa. Wengi huzihifadhi kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati na hawajui kipi ni kipi, basi mwambie apige zote. Nenda nazo Ocean Road, kutoka Posta si mbali, uulize kitengo cha tiba shufaa. Baba asisafiri. Waombe mambo mawili: waseme ni hospitali gani ya karibu na Lushoto ina mofini ya maji kwa sasa, na wakuandikie barua ya kumkabidhi mgonjwa kwa hospitali hiyo. Neno "kwa sasa" lisisitize, maana dawa hii hupatikana mwezi huu na kukosekana mwezi ujao. Ukipata jibu, piga simu kabla mtu hajapanda bodaboda. Nimeona vijana wakishuka mlima hadi Mombo wakapanda tena mikono mitupu kwa sababu ya simu moja ambayo haikupigwa.

Msiitafute kwenye duka la dawa muhimu, hawaruhusiwi kuiuza. Mofini inadhibitiwa kisheria: inaandikwa na daktari, inatolewa hospitali, jina la mgonjwa linaingia kwenye rejista, na huenda mkadaiwa chupa tupu irudishwe. Lakini kwa kawaida ndugu anaweza kuichukua kwa niaba ya mgonjwa akiwa na karatasi zake. Mkipewa, someni lebo kabla ya kuondoka dirishani: ni miligramu ngapi ndani ya mililita 5? Kuna hafifu yenye miligramu 5 na kuna kali yenye miligramu 50, mara kumi yake. Uganda hutia rangi, kijani kwa ile hafifu na waridi kwa ile kali, ila ninyi msitegemee rangi, tegemeeni namba. Kipimo cha baba atakipanga daktari. Kwa mzee wa umri wake huanza kidogo, na kwa mwenye tezi dume ni lazima figo ziangaliwe kwanza, kwa sababu njia ya mkojo ikibanwa figo huchoka na mofini hubaki mwilini muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Inavyotolewa ndiko kwenye siri yake. Mofini ya maji hufanya kazi kama saa nne, kisha inaisha. Ukimpa mgonjwa anapolia tu, utakuwa unakimbiza maumivu usiku kucha na hutayafikia. Kwa hiyo hutolewa kwa saa, aumwe asiumwe: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku anapewa dozi mbili kwa pamoja ili yeye na anayemuuguza walale hadi alfajiri.

Utaniuliza mama wa miaka 72 ataweza vipi hesabu hiyo. Nikusimulie. Miaka ya nyuma, hukohuko Usambara, nilimkuta bibi mmoja asiyejua kusoma anamuuguza mumewe. Nilimwachia bomba la sindano lisilo na ncha, mjukuu wake akalichora mstari kwa rangi ya kucha mahali dawa inapotakiwa kufika. Niliporudi baada ya wiki nikakuta vikombe viwili vya bati dirishani. Kila alfajiri bibi alikuwa anaweka punje sita za mahindi kwenye kikombe cha kushoto. Akitoa dozi, anahamisha punje moja kwenda cha kulia. Nne za mchana moja moja, na za usiku mbili kwa mpigo. Punje zikibaki, kuna dozi imerukwa. Halafu nikaona ndani ya kikombe cha kulia kuna maharage. Nikamwuliza, haya ya nini? Akasema, "Hayo ni ya pale anapoumwa katikati." Daktari alikuwa ameruhusu dozi ya ziada ya dharura, na bibi aliona haistahili kuchanganywa na mahindi. Siku ile nilihesabu maharage matano. Nikajua kipimo cha kawaida kimekuwa kidogo, nikampigia daktari, kikaongezwa. Sijawahi kuona chati ya hospitali iliyonisaidia kuliko vikombe vile, na tangu hapo nawafundisha wengine hivyohivyo bila hata kumlipa bibi wa watu.

Sasa yale mtakayokutana nayo. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana. Sehemu ya usingizi huo ni madeni, mtu hajalala wiki kadhaa. Anaweza kupata kichefuchefu, nacho hupita. Kisichopita ni kufunga choo. Mofini hufunga choo kwa kila mtu, kila siku, kwa hiyo dawa ya kulainisha, kwa kawaida bisakodili, ianze siku ileile mofini inapoanza. Msingoje siku ya tano mzee analalamika tumbo halafu mseme mofini imemshinda. Diklofenaki za dukani msimpe bila daktari kujua, figo zake haziko katika hali ya kubahatishwa. Akianza kushtukashtuka misuli, kuona vitu visivyokuwepo, au mkimwamsha haamki vizuri na pumzi ni chache mno, hazifiki nane kwa dakika, msitoe dozi inayofuata, pigeni simu.

Majirani watasema mawili. La kwanza, "Mtamfanya teja." Mtu anayemeza mofini kwa sababu mifupa inamuuma hageuki kuwa teja. Mwili wake utaizoea, ndiyo maana haiachwi ghafla, inapunguzwa polepole, lakini kuzoea na uteja ni vitu viwili. La pili ndilo linaloniudhi: "Hiyo ni dawa ya kufia." Limezaliwa na mazoea yetu wenyewe ya hospitali, ya kungoja hadi siku mbili za mwisho ndipo tunaiandika, kisha mtu anakufa na lawama inabaki kwenye chupa. Ikitolewa mapema na kwa kipimo, mtu hukaa nayo miezi, anaota jua barazani na kugombana na wajukuu.

Nimekwambia mzee asisafiri. Kuna safari tatu ambazo zinastahili, uzijue, kwa sababu kwenye mbili za kwanza kila saa ina thamani.

Ya kwanza: miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, akashindwa kusimama ghafla, au haja zikaanza kumtoka bila kujijua, hasa kama maumivu ya mgongo yamezidi siku zilizotangulia. Hiyo ni saratani inabana uti wa mgongo. Akifika hospitali haraka anaweza kuokoa uwezo wa kutembea. Akikaa siku tatu nyumbani anasuguliwa mafuta, miguu hiyo huenda isirudi. Ya pili: mkojo ukigoma kabisa na tumbo la chini likajaa. Anahitaji mpira wa mkojo siku hiyohiyo, na hospitali ya wilaya wanaweza kumwekea. Akishawekewa, mfuko uning'inie chini ya kiwango cha kibofu lakini usiguse sakafu, pale mpira unapoingilia paoshwe kwa maji na sabuni kila siku, na tarehe ya kubadilisha iandikwe ukutani kwa chaki. Ya tatu si ya dharura, na watu wengi hawaambiwi kwamba ipo: mionzi ya siku moja. Kwa mfupa mmoja unaouma kupita mingine, dozi moja tu ya mionzi inaweza kupunguza maumivu kwa wiki na miezi. Ocean Road wanayo, Bugando Mwanza wanayo. Ukiwa pale na karatasi, uliza kama baba anafaa. Kama wanasema anafaa na mofini imeshamtuliza kiasi cha kuvumilia basi, hiyo ni safari nitakayoiunga mkono.

India siiungi mkono, na kaka yako asinichukie. Saratani ikishaingia kwenye mifupa haiondoki kwa kubadilisha nchi. Zipo dawa za kurefusha muda baada ya tiba ya homoni, yaani ile ya kuondolewa korodani, kushindwa, na daktari wa saratani Ocean Road anaweza kukueleza kwa kutazama karatasi tu kama baba ana nguvu za kuzibeba na zinagharimu kiasi gani. Mwulizeni kabla ya kuuza hata robo ekari. Nimewaona wazee waliokufa kwenye chumba cha kupanga mji wa ugenini huku shamba limeshauzwa, na mjane akarudi kuishi kwa shemeji. Ninachokishuku, na utanisamehe nikikosea, ni kwamba kaka anataka India kwa sababu hakuwepo miaka kadhaa na sasa anataka kufanya jambo kubwa. Mpeni kubwa la kufanya. Ashike usafiri wa dawa: chupa isikauke hata siku moja. Hakuna kazi kubwa kuliko hiyo nyumbani kwenu sasa hivi.

Kuhusu mganga sina hotuba. Kama baba mwenyewe anataka kuombewa, kupakwa, kufukizwa, sioni ugomvi. Ninachokataa ni vitu vya kunywa visivyojulikana, kwa sababu ya figo, chale, kuambiwa aache mofini, na safari ya Handeni. Mganga akitaka, apande mlima yeye.

Na mmeshamwuliza baba anachotaka? Barua yako ina maoni ya kaka, ya mdogo wako, ya hospitali na yako. Ya baba haimo.

Najua mmeficha kwa mapenzi. Lakini mzee wa miaka 79 aliyeondolewa korodani, anayeona wanawe wote wanapiga simu kila jioni na mama anajifuta machoni kwa ncha ya kanga, mnadhani hajui? Nilikuwa na mgonjwa mmoja, fundi seremala, familia iliniapisha mlangoni nisitamke neno saratani. Nikaingia, tukaongea habari za mvua, nikamwuliza tu, "Mzee, ugonjwa huu wewe unauonaje?" Nikanyamaza. Akatazama mlango kama umefungwa, akasema, "Sista, mimi najua tangu mwaka jana. Hawa watoto ndio sijui niwaambieje." Alikuwa ameshachagua mbao za jeneza lake, ziko darini, wao wanazitazama kila siku wakidhani ni za kabati la mteja.

Kwa hiyo msiende na tangazo. Nendeni na swali, kisha nyamazeni, na ukimya ukirefuka msiujaze. Akisema anataka kujua, mwambieni kwa kadiri anavyouliza na msizidishe neno. Akisema, "Hayo ongeeni na kaka yenu," hilo nalo ni jibu, na liheshimiwe. Kama kwa desturi yenu mtoto hawezi kulifungua jambo hilo mbele ya baba, mtumieni mtu wa rika lake: shemeji yake, au mzee mwenzake anayeswali au kusali naye. Uliza na haya madogo, ambayo huwa si madogo: angependa kulala chumba gani, nani amwogeshe, akizidiwa usiku apelekwe hospitali au abaki hapa, kuna mtu angependa kuonana naye. La kuogeshwa usilipite. Wazee wengi wanaona aibu kuoshwa na binti au mkwe, wanakubali kwa kuwa hawana la kufanya, kisha wanaacha kula ili wasichafuke. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na kila mara mkwe alidhani hamu ya chakula imeisha. Kaka au mjukuu wa kiume afundishwe.

Sasa mama. Mwanamke wa miaka 72 anamgeuza mwanamume peke yake usiku. Siku moja mgongo wake utakatika na mtakuwa na wagonjwa wawili. Pesa unayotuma ni nzuri, lakini kule anahitajika mtu. Kaeni ndugu mpange zamu, kila mmoja siku zake, na asiyeweza kwenda alipe wa kwenda. Msimwachishe mjukuu wa kike shule, naomba sana, maana mara nyingi zamu zetu huishia kwake kimyakimya.

Kugeuza kuna njia. Kunja shuka nzito mara mbili, ilazwe chini yake kutoka mabegani hadi mapajani. Watu wawili, mmoja kila upande, wanashika kingo za shuka na kumgeuza kwa shuka, bila kumvuta mkono wala kwapa, kwa sababu mifupa yenye saratani inaweza kuvunjika kwa kuvutwa tu. Akiwa hawezi kujigeuza mwenyewe, afanyiwe hivyo kila baada ya saa mbili mchana, na usiku kwa kadiri mtakavyoweza. Tazameni makalio, visigino na nyonga kila mnapomwogesha. Ngozi iliyobaki nyekundu au nyeusi baada ya kugeuzwa ni onyo. Kidonda kikitokea na kikaanza kunuka, mwambieni muuguzi, kuna vidonge vya metronidazo ambavyo husagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda, harufu hupotea ndani ya siku chache. Harufu huwafukuza wageni kuliko ugonjwa wenyewe. Na baridi ya Lushoto ya Juni na Julai mnaijua: msimwekee jiko la mkaa chumbani na madirisha yamefungwa. Ile hewa ya mkaa inaua wazima. Mablanketi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, soksi.

Zahanati ya kijiji msiidharau. Mganga mfawidhi hatakuwa na mofini, lakini ana dripu ya dharura, anaweza kutazama kidonda, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kupita nyumbani. Mpelekeeni nakala ya barua ya Ocean Road mapema awajue. Kuhusu gharama, Sera ya Taifa ya Wazee inatambua mzee ni mwenye miaka 60 na zaidi, na wasio na uwezo wanastahili msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali. Mtendaji wa kijiji anaandika barua, ustawi wa jamii wanathibitisha. Msamaha hauleti dawa iliyokosekana stoo, kwa hiyo wekeni akiba kidogo, lakini hiyo barua ichukueni.

Itafika wiki ambayo atakataa chakula. Hapo ndipo ndugu hugombana. Mtakuwa mnasema anakufa kwa njaa, lakini mwili unaofunga kazi zake hauhitaji tena, na kumlazimisha uji huishia kwenye mapafu. Mpeni anachokitaka, hata kama ni vijiko viwili vya mtindi. Mtu wa mjini, huenda ukawa wewe, atasema atundikiwe dripu. Kwa siku za mwisho kabisa dripu haimpi nguvu, mara nyingi maji hujaa miguuni na kifuani, akakoroma zaidi. Kinywa kikavu ndicho kinachomsumbua: kitambaa laini kilicholowa maji, mafuta kidogo midomoni, mara kwa mara. Hiyo kazi hata mtoto wa miaka kumi anaiweza, na itamfaa kuwa na la kumfanyia babu.

Halafu mikono na miguu itapoa, atalala muda mwingi, pumzi zitakuja kwa mafungu na kukaa kimya katikati mpaka mdhani imeisha, kisha zinarudi. Koo litakoroma. Mlio huo unawatisha ninyi kuliko unavyomuumiza yeye. Mlazeni ubavu, inueni kichwa kidogo. Mofini isikatishwe kwa sababu amelala. Akishindwa kumeza, mpigie muuguzi simu akuelekeze, maana kiasi kidogo huweza kuwekwa ndani ya shavu. Msizungumzie mirathi pembeni ya kitanda mkidhani hasikii.

Makaratasi kwa kifupi, maana mengine yatamalizwa na wazee wenu. Kama baba ana la kusema juu ya shamba na nyumba, alisemee akiwa na akili timamu na mbele ya mashahidi, wa ukoo na wasio wa ukoo, mama akiwepo. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanasaidia kuandika na kuhifadhi wosia. Kama ni Mwislamu, mhusisheni sheikh juu ya mipaka ya wasia. Akifariki nyumbani, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji wapewe taarifa kabla ya mazishi, na kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Bila cheti cha kifo, mama atazungushwa Mahakama ya Mwanzo na benki wakati ana msiba.

Kwa hiyo, swali lako la kumrudisha hospitali: kama hakuna dalili zile mbili za hatari nilizotaja, hapana. Kesho asubuhi mpigie mtu wa kupiga picha karatasi, keshokutwa uwe Ocean Road. Ukipanda Lushoto mwisho wa wiki beba bomba la sindano la ziada, shuka nzito mbili, mafuta ya kupaka na rangi ya kucha. Punje za mahindi mama anazo. Ukishampa dozi ya saa 4 usiku ya kwanza, kaa naye pale pale, na kesho yake uniandikie alilala mpaka saa ngapi.